Majivu ya Mti Mweupe na Jina la Kukhu

Mama yangu mpenzi,

Mulembe. Mulembe tena, maana najua ile ya kwanza imekukuta bado unatafuta miwani. Goti lako linaendeleaje? Na cherehani je, bado inakata uzi ukishona kola za sare, au yule fundi wa karibu na reli aliitengeneza vizuri safari hii? Mvua imefika Bungoma, au bado mnatazama mawingu yakipita juu yenu kwenda kunyeshea wengine? Mimi sijambo, mkweo Ndiema hajambo, na mjukuu wako hajambo kabisa. Analia vizuri, ananyonya vizuri, na siku hizi ameanza kutazama dirisha kana kwamba nje kuna mtu anayemjua.

Huku Ufini nje hakuna mtu. Kuna theluji na miti myeupe iliyosimama ndani ya theluji. Jua linatoka likiwa tayari limechoka, linatembea kidogo juu ya miti, halafu linarudi kulala kabla sijamaliza kufua nepi. Saa tisa alasiri ni giza. Mtu anaishi nusu macho nusu usingizini, na mara nyingine sijui kama jambo limetokea au nimeliota. Kwa hiyo ukisoma kitu humu ukaona hakina kichwa wala miguu, laumu majira ya huku, usinilaumu mimi.

Utajiuliza kwa nini barua, na simu ipo. Simu nilipiga, Mama. Nilipoanza tu habari ya jina la mtoto ukasema, "Mtandao ni mbaya, sikusikii," ukakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa nasikia hata cherehani yako ikienda. Nilicheka kidogo, kisha nikalia kidogo, kisha nikatafuta karatasi. Barua haina mtandao. Nataka kukuomba ruhusa ya kumwita mtoto huyu Nanjala, jina la Kukhu, mama yako. Haya, nimeshasema. Sasa kaa, nikueleze nilivyofika hapo, maana nimefika kwa kuzunguka.

Nianze na kazi yangu. Uliniambia wateja wako huuliza, "Huyo msichana yako hufanya nini huko?" nawe unawajibu, "Anapima dawa," halafu unabadilisha mazungumzo kwa sababu hujui zaidi. Basi sikiliza, ili siku nyingine uwajibu mpaka wachoke wenyewe.

Kuna asidi kali, kama ile ya betri ya gari, na kuna asidi pole, kama ya siki, ya limau, ya maziwa yaliyolala. Kila chembe ya asidi, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, imebeba kitu kinachoitwa haidrojeni, kama mama aliyebeba mtoto mgongoni. Ukizitia majini, chembe za asidi kali zinaachilia watoto wao palepale, zote, bila kuangalia nyuma. Asidi pole si hivyo. Wachache wanaachilia, wengi wanashika. Na aliyeachilia hajamaliza, kwa sababu baada ya kitambo anampokea mtoto mwingine anayepita, huku yule aliyekuwa ameshika naye akiachilia. Wanakwenda na kurudi, hakuna anayepumzika, lakini wewe ukiitazama chupa unaona maji yametulia tuli.

Mimi kazi yangu ni kutafuta namba ya kuachilia. Unazidisha akina mama walioachilia kwa watoto walioachiliwa, unagawanya kwa wale ambao bado wameshikana, unapata namba. Ya asidi huandikwa Ka. Kinachonifurahisha ni kwamba namba hii haihami. Ongeza maji, na wengi zaidi wataachilia, lakini piga hesabu upya na namba inarudi palepale. Ipeleke asidi hiyohiyo Kitale, ipeleke Bungoma, ilete huku kwenye barafu, mradi joto lake ni lilelile, namba ni ileile. Joto ndilo linaloisogeza. Ndiyo maana kazini vyombo vyetu vinakaa ndani ya maji ya uvuguvugu, hata kama nje pua inaganda.

Besi ni upande wa pili. Besi ni yule mwenye mgongo mtupu. Haidrojeni ikipita anaipokea, na kupokea kwake pia kuna namba, nayo huandikwa Kb. Dawa mpya ikiletwa kwetu, ikiwa ni ya asidi, tunaidondoshea besi tone kwa tone huku mashine ikichora mstari, na pale ambapo nusu wameachilia na nusu wameshika, ndipo namba inaposomeka. Wenye dawa wanaihitaji ili wajue itakavyopita tumboni. Kwa hiyo siku nzima mimi natazama matone. Nilisoma miaka yote ile, ukashona sare za shule nzima ili nisome, kumbe ni nirudi kutazama matone kama nilivyokuwa nikikaa na Kukhu nyuma ya jikoni.

Unamwona bado, Mama? Mimi namwona. Anachoma maganda na mashina ya maharagwe yaliyokauka, anakusanya majivu, anayatia kwenye lile kopo lenye matundu chini, halafu anamwaga maji taratibu kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Munyu, maji yale ya chumvi ya majivu, unaanza kudondoka kwenye sufuria, rangi ya chai ya rangi. Anachovya kidole, anaonja, anasema "Bado." Anangoja. Anaonja tena. Akisema "Imefika," basi jioni kunde zitalainika na mrenda utateleza, nasi tutakula ugali mpaka utufukuze mezani.

Ni pale kwenye kopo, nikiwa darasa la tano hivi, nilimuuliza kwa nini hutaki mtu alime karibu na ule mgomba wa nyuma ya jikoni. Hakuacha kumwaga maji. Akaniambia chini yake amelala dada yangu, uliyemzaa kabla yangu, ukamwita kwa jina la mama yako, Nanjala, na homa ikamchukua kabla hajajua kukaa. Akaniambia nisikuulize. Sikukuuliza. Bungoma yote inanijua kama kifungua mimba wako, nami nimeitikia hivyo maisha yangu yote. Lakini nimekuona, Mama, ukipita pale na ndoo, jinsi unavyopunguza mwendo.

Sasa njoo kwa akina Ndiema. Tangu tukutane Kitale, nikipima maziwa mimi, naye akileta mitungi kutoka Kapsokwony, watu wake wamenipenda bila masharti. Hata siku ile ya kwanza nilipomwambia, "Maziwa yako imechacha," akanijibu, "Imechacha aje, na ng'ombe ndio bado inashangaa imekamuliwa?" mama yake alipopata habari alisema ninafaa, kwa sababu sikudanganywa na sura. Mtoto alipozaliwa, huyo mama mkwe akataka apewe jina kwa njia yao. Kwao hutajwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto analipigia chafya, ndilo lake.

Tukafanya kwa simu ya picha. Alikuwa ameegemeza simu kwenye kibuyu cha maziwa, akina mama wamejaa sebuleni kwake, ukungu wa mlima unaingia mlangoni. Ndiema amemshika mtoto mbele ya simu kama mtu anayeuza kuku. Wakaanza.

"Chebet!"

Hakuna chafya.

"Cherop! Cherop, karibu nyumbani!"

Mtoto akapiga kwikwi. Kule Kapsokwony wakabishana kama kwikwi inahesabiwa. Mmoja akasema hiyo ni mtandao. Ndiema akanyata jikoni, akarudi na pilipili manga kidoleni. Nikampiga mkono.

"Wewe! Pilipili kwa mtoto?"

"Ni kidogo tu, bana. Ni ya kumsaidia."

"Mambo ya kusaidia hatutaki," mama yake akamwambia kutoka kwenye simu, ingawa nilimwona ana kopo la tumbako ya kunusa mapajani, tayari, kana kwamba angeweza kuipuliza mpaka Ufini. Wakamaliza majina yote waliyokuwa nayo. Mtoto anawatazama tu. Ndipo mama mkwe akacheka akasema, "Hii mtoto imekataa watu yetu. Nasimiyu, hebu taja watu yenu."

Jina lilikuwa hapa, Mama, nyuma ya meno. Nikaona mgomba. Nikasema mtoto anataka kulala.

Baada ya hapo akawa analia kila lilipoingia giza, na giza la huku huingia mapema. Alasiri moja nilikuwa nimejilaza naye kifuani, akatulia, nami nikazama. Nikamwona Kukhu ameketi kwenye theluji mbele ya nyumba yetu, miguu mitupu, kitambaa chake cha buluu kichwani, kopo mbele yake. Hakuwa anatetemeka. Anamwaga maji, lakini hakuna kilichodondoka. Akalielekeza kopo kwangu nione ndani, likawa tupu. Akasema, "Majivu imeisha." Ni hayo tu. Wala hakuonekana amekasirika, alikuwa kama mtu aliyekuja kwa jirani kuomba kiberiti. Nilipoamka ulimi wangu ulikuwa na ladha ya munyu, naapa, na mtoto alikuwa macho, ametulia, anatazama dirisha.

Utaniambia ni chakula, au ni uchovu wa uzazi, na pasta wako atakuunga mkono. Mimi pia nilijiambia hivyo. Lakini niliamka na hamu ya munyu iliyonishika kama njaa. Mashina ya maharagwe huku sitayapata. Jirani yetu mzee ana chumba cha mvuke, huku kila mtu anacho, na anakiwasha kwa kuni za ile miti myeupe ambayo gome lake linabanduka kama karatasi. Nikaenda kumwomba majivu, kwa maneno machache ninayojua na mikono mingi. Akatikisa kichwa kwa huruma, akachukua ndoo nzima, akaja akaimwaga yote kwenye njia ya mlangoni kwetu. Alidhani naogopa kuteleza kwenye barafu. Ilibidi nirudi na sufuria, na safari hii nikamwonyesha kwamba nataka kula. Sijui aliniona mtu wa namna gani, ila alinipa.

Basi nikambeba mtoto mgongoni kwa ile leso uliyonipa, nikatoboa kopo, nikaanza kuyachekecha yale majivu mle jikoni. Ni meupe sana na mepesi, yanapaa. Nikawa nacheka mwenyewe, nikamwambia aliyekuja kwenye ndoto, kwa sauti kabisa, "Kukhu Nanjala, umenitafutia kazi."

Mtoto akapiga chafya.

Nikasimama. Akapiga ya pili, ndefu, ya mtu mzima.

Ndiema alikuwa chumba cha pili. Nikasikia kiti kikianguka. "Amekubali! Nimesikia! Umesema nani? Rudia, umesema nani?" Alishakuwa na simu mkononi, mama yake alishakuwa hewani.

"Ni vumbi," nikawaambia. "Majivu ni besi, inawasha pua. Hata mimi napiga chafya. Si jina, ni vumbi."

"Na sisi tukikwama tunapuliza nini, maua?" mama mkwe akaniuliza. "Si ni tumbako? Chafya ni chafya, msichana yangu. Umetaja nani?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia ni bibi yangu, mama yako. Halafu nikamwambia na habari ya mgomba, kwa sababu sikutaka afurahie kitu asichokijua. Nisamehe kama nimetoa ya nyumbani. Ndiema aliketi chini, maana hata yeye hakuwa anajua. Mama yake aliisogeza simu karibu na uso. Kisha akasema taratibu, "Jina ni ya nyanya yako, lakini kilio ni ya mama yako. Ulizeni yeye. Mimi nitangoja." Akalifunika lile kopo la tumbako akaliweka kando. Tangu siku hiyo kila akipiga simu anamwita mtoto "mgeni," na hatuulizi zaidi.

Munyu ulidondoka, Mama. Rangi yake imepauka kuliko wa Kukhu, lakini niliuonja nikasema "Bado" kabla sijajua nimesema. Niko likizo ya uzazi, ila nilishindwa kujizuia. Nikamwachia Ndiema mtoto, nikaenda kazini na chupa. Mkubwa wangu akauliza ni dawa gani. Nikasema ni chumvi ya bibi yangu. Akasogeza kiti chake aangalie.

Nikaudondoshea asidi tone kwa tone. Ile besi ya kwenye majivu ina mgongo mpana, inapokea mara mbili. Inampokea wa kwanza kwa nguvu, mstari unatulia kidogo, unashuka, halafu inampokea wa pili kwa mkono uliolegea zaidi, unatulia tena, unashuka tena. Mahali penyewe pa kutulia ndipo penye namba zake. Nikazisoma. Majivu yana uchafu wake, siwezi kukuapia mpaka mwisho, lakini zilikuwa palepale, zilezile zilizo vitabuni, zilezile ambazo ningezipata kwenye sufuria ya Kukhu kama ningekuwa na mashine ile nyuma ya jikoni yetu. Mti mwingine, udongo mwingine, bara jingine, na bado inashika na kuachilia vilevile. Nililia mbele ya mkubwa wangu. Akaniletea kahawa, na kwa watu wa huku hiyo ni kukukumbatia.

Nilikuwa na hofu moja ambayo sikuwahi kukuambia. Nilihofu kwamba mtu aliyezikwa Bungoma hawezi kufika huku. Kwamba mtoto huyu atakua akitazama dirisha na hatakuja mtu. Sasa hofu hiyo imepungua. Lakini imekuja nyingine, kwamba nikimwita hilo jina bila wewe, nitakuwa nimekunyang'anya kitu ambacho umekibeba peke yako, na siku utakapomshika, mkono wako utakuwa baridi. Hilo sitaki. Kuliko hilo, naye aitwe Grace kama unavyotaka, nami nitamwita Grace kwa moyo mmoja.

Uliwahi kusema, "Hiyo jina ni ya njaa, mtoto asipewe njaa." Lakini wewe ndiwe uliyenisimulia kwamba Kukhu alizaliwa mwaka ambao hapakuwa na kitu ndani ya chungu chochote, mama yake akaishi kwa mboga za porini na munyu, maziwa yakatoka hivyohivyo, na yule mtoto akakua akakuzaa wewe. Mimi nikilisikia jina lake nasikia mtoto aliyepita njaa akaenda zake. Na yule mwingine, wa mgomba, nikilisikia namsikia pia. Sitaki mmoja amfunike mwenzake. Nilidhani uchungu wako ni kama namba zangu, kwamba hata ukiongezewa miaka mingapi ndani yake hausogei. Huenda ni kweli. Ila hata namba zangu, Mama, joto huzisogeza, na mtoto huyu ana joto jingi. Akilala kifuani unasikia mpaka mgongoni.

Nilitaka kukutumia munyu wenyewe uuonje. Niliuchemsha mpaka ukakauka, ikabaki chumvi nyeupe safi, nikaifunga kwenye karatasi. Huyu dada muuguzi anayekuja likizo Kitale, ndiye anayekuletea barua hii, aliifungua akanirudishia. "Unga nyeupe? Kwa ndege? Ati ya nyanya? Wewe unataka nizeekee jela." Kwa hiyo umepata barua peke yake.

Ninachoomba ni hiki. Ukiwa tayari, na usipokuwa tayari basi usijisumbue, piga simu. Nitaiweka sikioni mwa mtoto, nami nitatoka chumbani. Sema naye jina lolote ulitakalo, mara moja au mara nyingi. Jikoni nimeshapafagia, majivu yamefunikwa, hakuna vumbi la kusingizia. Akipiga chafya au asipopiga, nitakaloandika ni lile utakalokuwa umelisema.

Nisalimie baba mdogo wa Moi's Bridge, umwambie mahindi yake nayaota kuliko ninavyomwota yeye. Shangazi wa Kitale mwambie leso zake zimefika, moja Ndiema ameifanya pazia. Msalimie pasta, na umwombe asiniombee vikali sana. Na ukipita na ndoo nyuma ya jikoni, pale kwenye mgomba, simama kidogo unisalimie na dada yangu, umwambie ana mpwa.

Ni mimi mwanao wa pili,

Nasimiyu